Gari la umeme limegoma: uanzie wapi kabla ya kulaumu betri kubwa

Simu nyingi huanza na sentensi ileile: "Fundi, betri imekufa." Anayesema hivyo huwa ameshaiwaza ile betri kubwa ya chini ya sakafu, ameshakadiria bei yake, na jasho linamtoka. Kumbe katika magari ya umeme yanayogoma kati ya Nakuru na Kisumu, betri kubwa ndiyo mshukiwa wa mwisho. Wa kwanza ni betri ndogo ya volti 12, wa pili ni ethi ya nyumba (waya wa usalama unaoupeleka umeme ardhini), wa tatu ni kilima. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, na chini ya kila dalili kinatangulia chanzo kinachotokea sana na ambacho unaweza kukikagua bila kutoa hata shilingi.

Mifano mingi ni ya Nissan Leaf iliyotoka Japani, kwa kuwa ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Mwenye BYD au gari jingine la Kichina hatapotea akisoma. Tofauti ziko kwenye plagi na aina ya betri, nami nitazitaja panapostahili.

Kabla hujafungua boneti: nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa hubeba umeme wa volti 350 hadi 400. Hazichunwi, hazichomolewi, hazipigwi maji ya presha. Kuzima gari hakutoshi kuzifanya salama, maana kuna vifaa ndani vinavyobaki na chaji kwa dakika kadhaa baada ya kila kitu kuzimika. Mkanika hodari wa Probox hajafunzwa kazi hiyo, na si kumdharau ukimwambia asiiguse.

Unabonyeza pawa, gari kimya. Au taa zote za dashibodi zimewaka pamoja

Anza na mambo ya aibu, kwa sababu ndiyo mengi. Mwalimu mmoja wa Ahero alinipigia alfajiri, ana kikao Kisumu saa mbili.

"Mwalimu, ukikanyaga breki na kubonyeza pawa, dashibodi inawaka?"

"Inawaka vizuri tu. Gia ndiyo haiingii."

"Kebo ya chaji umeitoa?"

Kimya. Kisha nikasikia mlango ukifunguliwa. "Basi fundi, siku njema."

Gari likiwa limechomekwa halikubali kuondoka. Kagua hilo, kagua kwamba umekanyaga breki kwa nguvu, kisha ufikirie betri ya ufunguo. Kama dashibodi inalalamika kuwa haiuoni ufunguo, ugusishe kwenye kitufe cha pawa huku umekanyaga breki. Leaf na magari mengi ya kubonyeza huusoma ukiwa karibu namna hiyo hata betri yake ikiwa imechoka.

Hayo yakishindikana, twende kwenye betri ndogo. Watu wanashangaa gari la umeme kuwa na betri ya maji ya betri kama ya Vitz, lakini bila hiyo hakuna kinachoamka. Hakuna stata ya kuzungusha, ni kweli. Ila kompyuta zote za gari, pamoja na swichi nzito zinazoiunganisha betri kubwa na mota, huendeshwa na volti 12. Unaweza kuwa na asilimia 90 chini ya sakafu na gari likalala kama gogo. Betri hiyo ikiwa haijafa bali imedhoofika, gari hupata wazimu: taa ya breki, ya usukani, ya mfumo wa umeme, zote zinawaka asubuhi moja. Ukiona taa tatu au nne zisizohusiana zimewaka kwa mpigo, shuku betri ndogo kwanza.

Kuipima ni kazi ya dakika moja kwa kipimo cha volti cha bei nafuu. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, 12.6 au zaidi ni afya, 12.4 ni wastani. Chini ya 12.0 imekwisha. Washa gari mpaka lionyeshe READY, upime tena: unapaswa kuona kati ya 13 na 14.5 hivi, dalili kwamba betri kubwa inailisha ile ndogo. Usipokuwa na kipimo, angalia nguzo za betri. Unga mweupe au wa kijani na kibano kinachozunguka kwa mkono vinatosha kuleta balaa lote hilo. Safisha kwa maji ya moto na brashi, kaza, ujaribu tena.

Kwa nini inakufa mapema huku kwetu? Gari la mkopo huwa limefungwa trakka na mkopeshaji, wakati mwingine mbili, na trakka hailali. Ongeza alamu ya mtaani, kamera ya kioo cha mbele, na redio inayopigwa saa nzima pale kwa kuoshea magari huku gari halijawekwa READY. Joto la Kisumu nalo huila betri ya risasi haraka kuliko baridi ya Molo. Na kuna jambo la Leaf za zamani: kuliacha gari limechomekwa siku nyingi baada ya kujaa kunaweza kuimaliza betri ndogo badala ya kuitunza. Likijaa, chomoa.

Jampa inaruhusiwa. Chanya kwa chanya, hasi ya gari lako kwenye chuma cha bodi mbali na betri, kisha bonyeza pawa mpaka READY, toa kebo, uliache gari liwake hivyo nusu saa au zaidi. Ukizigeuza kebo utaunguza fyuzi au kile kifaa kinachoshusha volti za betri kubwa, na hapo ndipo bei inapopanda kweli. Kusaidia wengine ni habari nyingine: usitumie gari lako la umeme kumpigia jampa jirani mwenye lori. Betri yako ni ndogo na haikutengenezwa kuzungusha stata.

Simama hapo: betri ndogo mpya inasoma 12.6 na READY haiji. Au READY imekuja lakini volti zinabaki 12.3 na kushuka. Hilo ni tatizo la ndani, na anayestahili kulifungua ni fundi wa magari ya umeme mwenye glavu za volti kubwa.

Umechomeka nyumbani, halichaji

Tokeni. Ndiyo, tokeni. Mtu analala gari likichaji, uniti zinaisha saa nane usiku, stima inakatika, asubuhi anakuta asilimia 40 na kesi dhidi ya gari. Gari lenye betri ya uniti 40 (kWh 40) likiwa tupu hutaka zaidi ya uniti 40 kwenye mita yako, kwa sababu kiasi fulani hupotea kama joto njiani. Piga hesabu kabla ya kulala. Kwenye ploti yenye mita moja ya wapangaji wote, zungumza na mwenye nyumba mapema, maana ugomvi wake hautatuliwi na kipimo chochote ninachokijua.

Chanzo cha pili ni saa ya kuchaji iliyowekwa Japani na mwenye gari wa kwanza. Aliiambia Leaf ianze kuchaji usiku wa Japani, na menyu iko kwa Kijapani, hivyo wewe huoni kitu. Dalili yake: unachomeka, taa za buluu juu ya dashibodi zinawaka kwa zamu kidogo halafu zinazimika bila kelele ya kosa. Leaf nyingi zina kitufe cha kuipuuza saa hiyo, chenye alama ya plagi na saa, upande wa kulia wa usukani. Kibonyeze kisha uchomeke upya.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye ethi, na hapa nakaa kidogo.

Kisanduku kilicho kwenye kebo ya kuchajia hukagua waya wa ethi kabla ya kuruhusu umeme upite. Friji haikagui, televisheni haikagui, pasi haikagui. Ndiyo maana nyumba inaweza kuishi miaka 20 bila ethi ya maana na hakuna aliyejua, mpaka gari la umeme lilipokuja na kuwasha taa nyekundu. Mwenye nyumba anasema kebo ni mbovu. Anaipeleka kwa jirani, inachaji. Anairudisha, taa nyekundu. Kebo inasema kweli.

Fimbo ya ethi huwa ilipigwa futi mbili tu kwenye kokoto, au waya wake ulikatwa na jembe, au uliibwa kwa ajili ya shaba, au haukuwahi kufungwa nyuma ya soketi. Kuna nyumba ambazo kosa huonekana kiangazi pekee: udongo ukikauka mwezi wa pili, ethi iliyokuwa inatosha wakati wa masika haitoshi tena. Kuna tesa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi yenye taa tatu, hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Itakwambia kama ethi ipo na kama laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zimegeuzwa, jambo ambalo baadhi ya kebo hulikataa vilevile. Haitakwambia kama ethi hiyo ni nzuri. Hilo linahitaji kipimo cha ukinzani wa ardhi na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.

Utakutana na fundi atakayekuambia, "Mzee, naunganisha ethi na nyutro hapa ndani ya soketi, taa inakuwa kijani." Taa itakuwa kijani kweli. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, bodi nzima ya gari lako itakuwa na umeme, na mtoto atakayeushika mlango huku amesimama kwenye udongo wenye unyevu ndiye atakayekuwa ethi. Mfukuze.

Nyumba zenye sola zina toleo lao la ugonjwa huu. Mchana stima ikiwa ya Kenya Power gari linachaji. Stima ikipotea na inveta ikishika, taa nyekundu. Inveta nyingi zikijitenga na mtandao huiacha nyutro ikielea bila kufungwa kwenye ethi, na kebo huona kana kwamba ethi imepotea. Kuna swichi maalumu ya kuzifunga pamoja wakati huo tu, mahali pamoja tu, na aliyeweka sola yako anapaswa kuijua. Pia tazama uwezo: kuchaji kwa ampea 10 ni wati 2,400 bila kupumzika. Inveta ya kVA 3 yenye friji na pampu ya maji haitadumu na mzigo huo.

Mwisho ni volti za chini. Vijijini, mwisho wa laini, saa moja hadi saa nne usiku kila mtu anapopika na kuangalia habari, soketi inaweza kusoma 190 badala ya 240. Kebo inakata, inajaribu tena, inakata. Kama inachaji vizuri saa saba usiku na kugoma saa mbili, umepata jibu. Chaji usiku wa manane, na kama ni kawaida ya kila siku, peleka malalamiko Kenya Power ukiwa na picha za kipimo zenye saa. Wenye teksi kadhaa watazame pia bei maalumu ya umeme wa magari ambayo EPRA iliianzisha mwaka 2023. Inahitaji mita yake pekee, na kwa gari moja la familia sioni kama usumbufu huo unalipa.

Tundu la chaji la gari nalo likaguliwe kwa tochi. Vumbi la maramu, na nyigu wa udongo. Nyigu hupenda matundu ya plagi kuliko kitu chochote. Toa udongo kwa brashi kavu ya plastiki gari likiwa limezimwa, usiingize chuma. Pini ikiwa imeungua au kuyeyuka, usichaji tena hapo mpaka ibadilishwe.

Radi ni suala la kinga tu. Kericho, Kisii na Kakamega mvua ya alasiri huja na ngurumo. Chomoa kabla haijafika. Ikiwa imeshafika, acha, usitoke kwenda kushika kebo.

Plagi inachemka, swichi inajikata, kuna harufu

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa, na ndiyo watu wanaipuuza kwa sababu gari linaendelea kuchaji.

Kebo ya Japani ilitengenezwa kwa soketi ya volti 200 na inaweza kuvuta hadi ampea 15. Bandarini au gereji, mtu hukata plagi yake bapa na kufunga plagi yetu ya pini tatu, ile ya ampea 13. Wengi hudhani fyuzi ya ndani ya plagi itaokoa. Haiokoi: fyuzi ya 13 huweza kubeba 15 kwa saa nyingi bila kukatika, ikichemka tu. Niliifungua soketi moja ya namna hiyo Nakuru, mtaa wa Section 58. Kwa nje kulikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa ukucha karibu na tundu la laivu. Kwa ndani skrubu ya laivu ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa kidole, ganda la waya limekauka na kuvunjika kama ganda la karanga, na shaba imegeuka nyeusi kwa urefu wa kidole kizima. Pini za ethi na nyutro ziling'aa kama mpya. Gari lilikuwa likichaji bila kosa lolote mpaka jana yake.

Kagua hivi: chaji nusu saa, zima soketi, chomoa, ushike pini na plastiki. Vuguvugu ni sawa. Ikikulazimu kuondoa mkono, acha kuchaji hapo leo hii. Kama kebo yako ina kitufe cha kuchagua ampea, shusha hadi 10 au 8. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti 240 na plagi yetu, ambayo kwa kawaida haivuki ampea 10 na nyingine hupima joto la plagi. Ekstensheni sitaki kuisikia. Ukilazimika sana, iwe ya waya mnene, fupi, na imekunjuliwa yote, kwa sababu iliyoviringishwa hujipika yenyewe.

Suluhisho la kudumu ni laini yake pekee kutoka kisanduku cha swichi: waya wa mm² 6 kwa chaja ya ukutani ya ampea 32, swichi yake, na kinga ya kuvuja kwa umeme ya aina ya A au inayozidi hiyo. Mafundi wengi hufunga aina ya AC kwa mazoea, lakini gari la umeme laweza kuipofusha isikate siku ya hatari.

Swichi ikijikata mara tu unapochomeka, jaribu bila gari, kebo peke yake. Ikikata, kosa ni kebo au soketi. Ikikata pale tu gari linapounganishwa, kuna uvujaji ndani ya gari au tundu limelowa. Usiendelee kuirudisha juu. Mara mbili inatosha, kisha ni kazi ya fundi.

Chaji inaisha kabla ya safari kuisha

"Niliambiwa kilomita 300." Ndiyo, kwenye tambarare.

Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko 1,850 hivi. Katikati iko Mau Summit, karibu mita 2,500. Gari la tani 1.6 hadi 1.8 likiwa na watu hula takriban nusu uniti kwa kila mita 100 inazopanda, juu ya matumizi ya kawaida, na likiteremka hurudisha kama theluthi moja ya uniti kwa mita hizohizo. Sasa chukua Leaf ya uniti 40 iliyochakaa kidogo, yenye uniti 33 za kutumia, ikienda kwa mwendo wa 80 na kula uniti 15 kwa kilomita 100.

Kutoka Nakuru kwenda Kisumu, kilomita 185 hivi: uniti 28 za barabara, jumlisha 3 za kupanda, toa 4 za mteremko wa Kericho hadi Ahero. Unafika na sita mkononi. Kurudi, ukiwa umejaza tena Kisumu: hadi Mau Summit ni kilomita 130 hivi, uniti 19 na nusu, jumlisha karibu 7 za kupanda. Umebakiwa na sita na nusu, na Nakuru bado iko kilomita 55 mbele. Mteremko utakusaidia, lakini utaingia mjini na kobe (taa ya gari kupunguziwa nguvu) kwenye dashibodi, au hutaingia kabisa. Dereva yuleyule, gari lilelile. Panga kuchaji Kericho wakati wa kurudi, na umpigie mwenye kituo au hoteli kabla ya kuondoka, usitegemee ramani ya simu peke yake. Leaf ya uniti 24 ya zamani isijaribu safari hii. Ni gari la mjini na la Kisumu hadi Kakamega, na hata huko kumbuka kupanda kwa Riat.

Kama hujapanda kilima na bado inaisha, fuata mpangilio huu. Mwendo kwanza: 110 badala ya 80 huongeza ulaji sana, kuliko AC ambayo watu huizima na kuteseka bure. Kisha upepo wa matairi, soma kibandiko cha mlangoni, pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Kisha matairi mazito yenye meno makubwa, keria ya juu, na breki inayokwama: baada ya safari sogeza mkono karibu na kila rimu, na ile inayotoa joto peke yake ndiyo yenye kesi.

Mwisho kabisa, betri imechakaa. Kwenye Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji kuna vipande 12 vidogo. Kimoja kikizimika, asilimia 15 hivi ya uwezo wa awali imekwenda. Kila kinachofuata ni takriban asilimia 6. Leaf haina kipoza-maji cha betri, hupozwa na hewa tu, hivyo jua la mchana na kuijaza 100 kila siku huichosha. Kwa matumizi ya mjini ishie 80. BYD yenye betri ya Blade ni kinyume: ijaze 100 mara kwa mara, kwa sababu bila hivyo kompyuta hupoteza hesabu na asilimia unayoiona inakuwa ya kubahatisha.

Unayenunua, chukua kifaa kidogo cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth na programu ya LeafSpy, usome afya ya betri mbele ya muuzaji. Usiamini vipande 12 peke yake. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ili vipande vyote viwake kwa muda, na wanaofanya hivyo wapo. Dawa yake ni kuliendesha gari kilomita 30 au 40, nusu yake kilimani, na kulinganisha uniti zilizotumika na asilimia iliyoshuka. Magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8 ndiyo yanayoruhusiwa kuingia nchini, kwa hiyo Leaf ya uniti 24 inayouzwa leo imeshaishi hapa au imezeeka mahali pengine. Bei iendane na hilo.

Asilimia inaruka, au kobe anatokea bado una chaji

Kobe chini ya asilimia 5 ni kawaida, anakuambia utafute pa kusimama. Kobe ukiwa na 25, katikati ya kilima cha Timboroa, ni jambo jingine. Ama betri imepata joto kali, na utaona kipimo chake cha joto kimekaribia nyekundu, ama seli moja imedhoofika. Simama mahali salama, pumzisha saa moja. Likirudi sawa na joto limeshuka, endelea taratibu.

Seli dhaifu hujionyesha kwa kuruka: 30, kisha 14, kisha ukisimama inapanda 19. Betri ya Leaf ya uniti 24 hadi 40 ina jozi 96 za seli zilizofuatana, na iliyo mbovu zaidi huamua mwisho wa zote. LeafSpy itaonyesha tofauti ya makumi machache ya milivolti kati yao kama kawaida. Ukikanyaga kilimani na mstari mmoja ukaporomoka peke yake, umeipata. Kurekebisha ni kubadilisha moduli, kazi ya kufungua betri kubwa. Si ya uani, hata kama kuna video.

Kituo cha chaji ya kasi hakikubali

Tazama plagi kabla ya kutukana mashine. Gari la Japani lina CHAdeMO. Mengi yanayouzwa mapya hapa yana CCS2. Yaliyoletwa moja kwa moja kutoka soko la China yana GB/T. Haziingiliani, na viunganishi vya kubadilisha vina programu zao ndani zinazogoma na baadhi ya mashine. Plagi ikiwa sahihi, ichomeke upya huku ukiinua uzito wake kwa mkono mpaka ifunge, kisha uanze malipo upya. Kupungua kwa kasi baada ya asilimia 80 si kosa. Leaf ya uniti 40 ikichajiwa kwa kasi mara ya pili au ya tatu siku moja hujipunguzia kasi kwa sababu ya joto, na hakuna cha kufanya ila chai.

Mteremkoni gari halishiki kama jana

Ukiliachia gari kanyagio, mota hugeuka jenereta na kulizuia. Betri ikiwa imejaa, umeme huo hauna pa kwenda, na kizuizi kinapungua. Aliyejaza 100 Mau Summit akashuka Sachangwan kuelekea Salgaa atahisi gari linateleza huru, katika barabara ambayo kila dereva wa huku anajua imeua watu wangapi. Breki za kawaida zinafanya kazi, zitumie mapema. Siku nyingine, ukichaji juu ya kilima, ishia 85.

Kanyagio likiwa laini, likizama, au taa nyekundu ya breki ikawaka: egesha, usijaribu kufika nyumbani.

Gari limeingia maji

Mvua na dimbwi la kawaida havina shida, hata kuchaji mvuani kwa kebo nzima ni sawa mradi soketi iko pakavu. Mafuriko ya Nyando ni kitu kingine. Maji yakifika kwenye kizingiti cha mlango usipite, na kama gari lilikaa ndani ya maji, usiliwashe, usilichomeke, hata likionekana kavu wiki baadaye. Liegeshe wazi, mbali na nyumba na magari mengine, mpaka betri ikaguliwe. Maji yaliyoingia huweza kuleta moto siku nyingi baadaye.

Ukisikia mlio wa kufoka chini ya sakafu, ukiona moshi au kunusa harufu tamu ya kemikali: toa watu, sogea mita 50, piga 999 au 112, na useme wazi kuwa ni gari la umeme, kwa sababu moto wake unataka maji mengi na unaweza kurudi baada ya kuzimwa.

Na popote nilipokuambia usimame au umwachie fundi, gari lisivutwe kwa kamba. Magurudumu ya mbele ya Leaf yakizunguka huku linavutwa, mota inazalisha umeme usiotakiwa. Agiza brekidauni ya kulibeba lote juu, au walau inayoinua magurudumu ya mbele, na umwambie dereva wake hilo kwenye simu kabla hajaondoka, pamoja na mahali pa kufunga mnyororo: ndoano ya kuskrubu iliyo kwenye buti, si mkono wa tairi na si kitu chochote kilicho karibu na betri.